Programu ya bure: maswali matatu ya kuuliza kabla hujaiweka kwenye kompyuta au simu

Maswali mengi tunayoletewa kuhusu kompyuta yanahusu gharama. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa amenunua kompyuta mpakato iliyotumika. Fundi amempigia Windows pamoja na programu ya kuandikia kwa pesa kidogo. Baada ya miezi michache mashine inaanza kuandika kwamba programu si halali, au folda zote kwenye flashi zimegeuka alama zenye mshale ambazo hazifunguki. Katibu anauliza: je, hakuna programu ya bure ambayo ni halali na inafanya kazi?

Jibu fupi ni kwamba ipo, tena nyingi. Lakini neno "bure" linabeba mambo mengi, na baadhi yake ni mitego. Katika makala hii tunaeleza tofauti zake, zana ambazo sisi wenyewe tumezijaribu studioni, na namna ya kuzijaribu bila kuhatarisha kazi uliyonayo.

Suala hili si dogo hapa Shelui. Kompyuta zetu si nyingi, lakini kila moja imebeba kazi za watu wengi. Kompyuta ya steshenari ina mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi na mihtasari ya vikao vya kijiji. Ya chama cha ushirika ina uzito wa mazao ya kila mkulima. Ya kikundi cha wachimbaji wadogo ina orodha ya wanachama na michango yao. Moja ikifa, hasara si ya mwenye kompyuta peke yake.

BURE ZA AINA NNE

Ya kwanza ni programu huria. Kila programu imeandikwa kwa maelekezo ambayo kompyuta inayafuata, na maelekezo hayo huitwa msimbo. Katika programu huria msimbo uko wazi kwa kila mtu. Leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuinakili na kumpa jirani, kuchunguza inavyofanya kazi, na kuibadilisha ukiwa na ujuzi. Wazo hili lilianza kupata nguvu mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU.

Mkulima wa alizeti ataelewa haraka. Kuna mbegu unayoweza kuihifadhi, kuipanda msimu ujao na kumgawia jirani. Kuna mbegu chotara ambayo kila msimu ni lazima urudi dukani. Programu huria ni kama ile mbegu ya kwanza. Bei ni sifa yake moja tu. Kubwa zaidi ni kwamba hakuna anayekuzuia kuendelea nayo.

Ya pili ni programu ya bure kutumia tu. Hulipi kitu, lakini msimbo umefungwa na mwenyewe anaweza kubadili masharti wakati wowote. WhatsApp iko katika kundi hili. Si lazima iwe mbaya, ila wewe ni mgeni katika nyumba ya mtu.

Ya tatu ni programu ya majaribio. Unapewa siku kadhaa, mara nyingi 30, kisha inajifunga au inaanza kudai malipo. Wapo wanaoandika kitabu kizima cha hesabu ndani yake bila kujua kwamba muda unahesabiwa.

Ya nne ni programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, ile ambayo mafundi huiita kraki. Hii si ya bure. Ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila ruhusa. Zaidi ya hapo, ili kufuli livunjike, mara nyingi fundi huzima kwanza ulinzi wa virusi, kisha anafungua faili dogo lililotoka kusikojulikana. Mlango umefunguliwa na mlinzi ameambiwa alale. Virusi vingi vinavyozunguka kwenye flashi huingilia hapo.

MASWALI MATATU

Ili usichanganyikiwe na majina, chukua maswali haya matatu na uyaulize kwa kila kitu unachoambiwa ni cha bure.

Swali la kwanza: anayekitengeneza anakula wapi? Wapo wanaoishi kwa michango ya watumiaji, ruzuku au kampuni zinazotegemea programu hiyo. Wapo wanaoishi kwa matangazo. Wapo wanaouza taarifa zako. Usipoona jibu la swali hili, usikimbilie kubonyeza.

Swali la pili: kinachukua nini kwangu? Bando, nafasi kwenye simu, majina ya watu kwenye simu yako, picha zako, mahali ulipo. Yote hayo ni malipo hata kama hakuna shilingi iliyotoka.

Swali la tatu: nikikiacha kesho, naondoka na kazi yangu? Hili ndilo ambalo watu wengi hawaulizi, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kama rejesta yako inafunguka ndani ya programu moja tu, basi mwenye programu hiyo ndiye mwenye rejesta yako.

SI MAMBO YA ULAYA TU

Wapo wanaodhani programu huria ni michezo ya vijana wa nchi za mbali. Ukweli ni kwamba tayari unaitumia. Simu ya Android inaendeshwa na kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Takwimu za afya zinazokusanywa kwenye vituo vya kutolea huduma nchini Tanzania hupelekwa Wizara ya Afya kwa mfumo wa DHIS2. Huo ni mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990.

Nchini Kenya, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi, kikundi cha vijana kilitengeneza zana iitwayo Ushahidi mwezi Januari 2008. Wananchi walituma taarifa kwa ujumbe mfupi na mtandao, nazo zikaonekana kwenye ramani. Zana hiyo ilitolewa huria na imetumika katika nchi nyingi. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Ramani hizo ziliwekwa kwenye OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuzitumia.

Hata lugha yetu imefaidika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Msimbo ulikuwa wazi, wakaingia na kutafsiri. Hiyo ndiyo maana ya uhuru tunaouzungumzia: lugha ambayo mfanyabiashara wa mbali haoni faida ndani yake, wenyewe wanaweza kuiwekea.

ZANA TULIZOJARIBU STUDIONI

Tunaanza na LibreOffice. Ni programu ya kuandika barua, kupanga majedwali ya hesabu na kutengeneza slaidi. Ilizaliwa mwaka 2010 kutoka katika mradi ule ule wa OpenOffice, na inasimamiwa na taasisi isiyo ya faida iitwayo The Document Foundation, yenye makao yake Berlin. Tunaitumia kuandika maandishi ya vipindi na ratiba za wiki.

Uzuri wake mkubwa kwetu ni mambo mawili. Inafungua mafaili ya Microsoft Word na Excel, na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, hivyo neno lililokosewa linapigiwa mstari mwekundu. Uzito wake ni kwamba faili la Word lenye mapambo mengi, kama kadi ya mwaliko au fomu yenye visanduku vingi, linaweza kuhama mistari kidogo. Dawa yake ni hii: ukimaliza kazi ya kuchapishwa mahali pengine, itoe kama PDF. PDF haihami. Kwa barua na rejesta za kawaida hutaona tofauti.

Ya pili ni Audacity, ya kurekodi na kukata sauti. Ilianza katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Kwa redio ndogo, kwaya ya kanisa, madrasa inayorekodi mawaidha au kijana anayetaka kutengeneza kipindi chake, inatosha. Unaweza kuondoa mvumo wa feni, kukata kikohozi, kupandisha sauti ya mtu aliyekaa mbali na maiki. Kumbuka kuhifadhi mara mbili: faili la mradi kwa ajili ya kuendelea na kazi, na faili la MP3 au WAV kwa ajili ya kurusha.

Audacity pia inatupa somo. Mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya Muse Group. Muda mfupi baadaye sera yake ya faragha ilibadilishwa, watumiaji wakaona inataka kukusanya taarifa zaidi ya walivyozoea. Wakapiga kelele. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wataalamu waliweza kuusoma wenyewe, na wengine wakaanza kutengeneza nakala zao pembeni. Kampuni iliomba radhi na kuandika sera upya. Hilo lisingewezekana kwa programu iliyofungwa. Hapo ungeambiwa ukubali au uondoke.

Ya tatu ni VLC, ya kuchezea video na muziki. Chanzo chake ni wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa. Video ambayo programu nyingine inakataa, mara nyingi VLC inaifungua. Ipo ya kompyuta na ya simu, na haina matangazo.

Ya nne ni Firefox, kivinjari cha taasisi ya Mozilla. Sababu ya kuitaja ni bando. Ukiongeza ndani yake kizuizi cha matangazo kiitwacho uBlock Origin, ambacho nacho ni huria, kurasa zinafunguka zikiwa nyepesi kwa sababu picha na video za matangazo hazipakuliwi. Inawezekana kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni pesa.

KOMPYUTA YA ZAMANI USIITUPE

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya kuifanyia Windows 10 marekebisho ya usalama. Windows 7 ilishaachwa tangu Januari 2020. Mashine haizimiki siku hiyo, inaendelea kuwaka kama kawaida. Lakini tundu jipya la usalama likigundulika haliletewi kiraka. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa mikononi haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu inadai vifaa vipya zaidi.

Njia moja ya halali ni Linux. Kuna matoleo mengi. Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, linajulikana sana, na jina lake lina maana ya utu katika lugha za kusini mwa Afrika. Kwa mashine za zamani tunashauri uanze na Linux Mint, toleo la Xfce. Linahitaji angalau RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Sura yake inafanana na Windows ya zamani, kwa hiyo mtu hapotei.

Jambo zuri ni kwamba unaweza kuijaribu bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Utaratibu uko hivi.

Kwanza, pakua faili la Linux Mint kutoka kwenye tovuti yake yenyewe. Ni karibu GB 3, hivyo lipakue mahali penye intaneti nafuu, au mchange watu watatu wanne na mmoja apakue. Leseni inaruhusu kugawana, kwa hiyo faili moja linatosha mtaa mzima.

Pili, chukua flashi ya GB 8 au zaidi. Hamisha kwanza kila kilichomo, kwa sababu itafutwa yote. Kwenye kompyuta yenye Windows, tumia programu ndogo ya bure iitwayo Rufus kuandika lile faili kwenye flashi.

Tatu, zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwenye mashine nyingi ni F12, F9 au Esc. Chagua flashi. Linux Mint itawaka ikitokea kwenye flashi, na diski yako itabaki kama ilivyo.

Nne, jaribu vitu vinavyokuhusu. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inachapa? Modemu inasoma? Faili lako la rejesta linafunguka kwenye LibreOffice, ambayo huja nayo tayari? Itakuwa na mwendo wa polepole kidogo kwa sababu inafanya kazi kutoka kwenye flashi. Hilo ni la kawaida.

Tano, ukimaliza, zima na uchomoe flashi. Windows yako itarudi kama ulivyoiacha. Usibonyeze kitufe cha kusakinisha mpaka umekuwa na nakala ya kazi zako zote mahali pengine.

Tuseme ukweli pia. Ikiwa kazi yako inategemea programu maalumu ya hesabu au mfumo wa ofisi uliotengenezwa kwa Windows tu, Linux haitakufaa kwa kazi hiyo. Na ukikwama, mafundi wa Linux huku vijijini ni wachache kuliko wa Windows. Kwa hiyo anza na kompyuta ya pili, si ile inayobeba kazi zote.

ZANA ZA MTANDAONI: KUNA UNACHOKIACHA NYUMA

Kuna tovuti nyingi zinazobadili PDF kuwa Word, zinazotengeneza nembo, zinazopunguza ukubwa wa picha au kutafsiri maandishi, yote bila kulipa na bila kusakinisha. Zinasaidia. Lakini ili zifanye kazi, unazipelekea faili lako. Linasafiri hadi kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ambaye humjui na hujui atalifuta lini.

Kama ni bango la mechi ya mpira, hakuna shida. Kama ni orodha ya wanachama yenye namba za kitambulisho cha taifa, namba za simu na kiasi kila mmoja alichokopa, hiyo si yako peke yako kuitoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kikundi kinachokusanya taarifa za watu kina wajibu wa kuzitunza.

Kanuni yetu ni rahisi. Kitu ambacho ungeweza kukibandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kipeleke kwenye zana ya mtandaoni. Kitu ambacho usingekibandika, kifanyie kazi ndani ya kompyuta yako. LibreOffice inaweza kutoa PDF bila intaneti kabisa.

BLOGU: NYUMBA YA KUPANGA

Vijana wengi hutuuliza namna ya kuanzisha blogu ya habari za mtaa, kilimo au michezo. Kufungua ni rahisi. Blogger ilianza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003. Unahitaji akaunti ya Gmail tu. WordPress ilianza mwaka 2003 nayo ina sura mbili ambazo watu huzichanganya. Ipo huduma ya WordPress.com, ambako unapewa ukurasa bure na wenye huduma wanaweza kuweka matangazo yao. Na ipo programu huria ya WordPress, ambayo unaipakua na kuiweka kwenye nafasi unayolipia mwenyewe. Programu ni bure, nafasi na jina la tovuti si bure.

Blogu za Kiswahili zina historia ndefu. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa walioanza mapema kublogu kwa Kiswahili, na mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005 ikasomwa na Watanzania wa ndani na nje. Wote waliingia mlangoni bila kulipa.

Hata hivyo mambo mawili yamebadilika, na usipoyajua yatakugharimu.

La kwanza ni sheria. Mwaka 2018 zilitolewa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ada ya leseni ilipangwa kuwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka, mbali na ada nyingine. Blogu kadhaa zilisimama, na mwezi Juni mwaka huo hata JamiiForums ilifungwa kwa muda. Mwaka 2020 zilikuja kanuni mpya, nazo zimerekebishwa baadaye, viwango pamoja. Kabla hujaandika habari ya kwanza, wasiliana na TCRA. Kwa sisi wa Singida ofisi ya kanda iko Dodoma. Eleza unataka kuandika nini, uliza kama unahitaji leseni na ni ya aina gani. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inamhusu kila anayechapisha, hata kwenye kundi la WhatsApp. Zana ya bure haikuondolei wajibu wa kisheria.

La pili ni umiliki. Blogu ya bure ni nyumba ya kupanga isiyo na kodi. Mwenye nyumba akiamua kubomoa, atakupa notisi tu. GeoCities, iliyobeba kurasa za watu wengi sana duniani, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwezi Aprili 2019. Aliyekuwa hana nakala, kazi yake iliondoka nayo.

Kwa hiyo rudi kwenye swali la tatu. Blogger na WordPress zote zina sehemu ya kutoa nakala ya maandishi yako yote kama faili moja. Weka tarehe moja kila mwezi, kwa mfano siku ya kwanza, toa nakala na uihifadhi kwenye flashi na kwenye kompyuta. Picha zitunze kwenye folda yake pembeni, kwa sababu faili hilo la nakala mara nyingi hubeba maandishi tu na anuani za picha.

UNA SIMU TU? NAWE UMO

Wasikilizaji wetu wengi hawana kompyuta. Zipo zana huria za simu zenye manufaa makubwa. Ya kwanza kwetu ni Kiwix. Inakuwezesha kupakua Wikipedia mara moja na kuisoma bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye simu ya kawaida. Ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi GB 100, hivyo usiibonyeze kwa bahati mbaya. Mwanafunzi anayekaa mahali ambapo mtandao unashika juu ya kichuguu tu, anaweza kupakua siku ya mnada na kusoma mwezi mzima.

Lakini simu ndiyo pia yenye mitego mingi. Mfano ulio karibu ni programu za mikopo ya mtandaoni. Kuipakua ni bure. Ukiifungua inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, jamaa zako, mchungaji wako, hata mteja wako wa vitunguu anapokea ujumbe wa kukuaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Swali la pili lingewaokoa wengi. Programu ya tochi haihitaji majina ya watu wako. Kikokotoo hakihitaji maiki. Ikiomba kisichohusiana na kazi yake, kataa. Ikigoma kufanya kazi mpaka ukubali, ifute. Kwenye Android ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya programu, chagua jina lake, kisha ruhusa. Utaona kila ulichoikubalia, na unaweza kukiondoa leo hii.

UTARATIBU WA KUJARIBU KITU KIPYA

Kwa kumalizia, huu ndio utaratibu tunaoufuata. Unaweza kuunakili kwenye daftari.

1. Tafuta jina kamili la programu na upakue kwenye tovuti ya wenyewe, au kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Usipakue kwenye kiungo kilichotumwa kwenye kundi.

2. Fanya nakala ya kazi zako kwanza. Moja kwenye flashi, nyingine kwa mtu mnayeaminiana au kwenye kompyuta nyingine. Flashi moja si nakala ya kutegemea, kwani ikianguka kwenye maji umekwisha.

3. Jaribu kwa faili moja lisilo na siri. Usianze na rejesta ya kikundi.

4. Wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa. Ukiona imekuwekea alama ya tiki kwenye programu nyingine ya ziada, iondoe.

5. Hifadhi kazi, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine yenye programu tofauti. Ikifunguka vizuri, kazi yako haijafungiwa.

6. Kaa nayo wiki mbili sambamba na ile ya zamani. Ikikufaa, hamia taratibu. Isipokufaa, ifute, hujapoteza kitu.

7. Fundi akikuambia anakuwekea programu, muulize ni huria, ya majaribio au ni kraki. Fundi mzuri atakujibu bila kukasirika.

Ikiwa kuna zana ya bure unayoitumia kwenye kikundi, shule au duka lako na inakusaidia, tutumie ujumbe studioni. Tutaijaribu kwa maswali yale yale matatu, kisha tutaieleza kwenye kipindi ili na wengine wapime.